Kaisari Andronikos hakuangushwa na mabwanyenye peke yao

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala iliyomsifu Kaisari Andronikos I Komnenos wa Bizanti, yaani Dola ya Roma ya Mashariki, kuwa mtetezi wa wanyonge aliyeponzwa na husuda ya mabwanyenye.

Sifa hiyo ina ukweli wake. Katika utawala wake mfupi, 1183 hadi 1185, alipiga marufuku uuzaji wa vyeo, akawalipa magavana vizuri ili wasiwakamue wakulima, na akaamuru waporaji wa meli zilizopanda mwamba watundikwe kwenye mlingoti. Niketas Choniates, mwanahistoria asiyempenda hata kidogo, anayakiri hayo.

Hata hivyo, makala iliiruka njia aliyopitia. Kumwasi binamu yake, Kaisari Manuel I, kufungwa miaka mingi, kutorokea Halych, katika Ukraine ya leo, kisha kutangatanga hadi Dameski na Georgia pamoja na Theodora, mjane wa mfalme wa Yerusalemu na jamaa yake wa damu: hayo tuyaite visa vya ujana, ingawa ujana wenyewe ulichelewa sana kwisha. Yaliyofuata si visa. Manuel alipofariki mwaka 1180 na kumwachia kiti mwanawe Alexios II, mtoto wa miaka 11, Andronikos aliingia Konstantinopoli, mji mkuu, mwaka 1182 akijiita mlinzi wake, huku umati ukiwachinja Walatini wa mji, yaani Wakristo wa Ulaya Magharibi. Mlinzi huyo alimfanya mtoto atie sahihi hukumu ya kifo ya mama yake mzazi, Maria wa Antiokia, kisha akaagiza mtoto mwenyewe anyongwe, na akiwa amevuka miaka 60 akamwoa mjane wa mtoto huyo, Agnes wa Ufaransa, msichana wa miaka kama 12.

Ni kweli mabwanyenye walimchukia, lakini Septemba 1185, Wanormani wa Sisilia wakiwa wamekwisha kuiteka Thesalonike, kilichomwangusha ni hofu aliyoipanda mwenyewe. Afisa wake, Stephanos Hagiochristophorites, alikwenda kumkamata Isaac Angelos, mmoja wa mabwanyenye. Isaac akamwua kwa upanga, akakimbilia kanisa la Hagia Sophia, na wakazi wa mji, wale wale waliomshangilia Andronikos miaka mitatu kabla, wakamtawaza Isaac, kisha wakamtesa kaisari wao wa zamani hadi kufa katika uwanja wa mashindano ya farasi.

Naomba pia mrekebishe kauli kwamba ukoo wake ulikatika siku hiyo: wajukuu wake, Alexios na David, ndio walioanzisha mwaka 1204 dola ya Trebizond, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, iliyodumu hadi 1461.

Msomaji wenu