Msinifanye shahidi wa zebaki ya meno

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nijitoe katika ushahidi ambao sikuutoa: kwamba nilipona maradhi ya mwili kwa kutolewa zebaki ya meno, yaani ile dawa ya kijivu ya kuzibia meno ambayo ina zebaki ndani yake. Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka 52, na kwa miezi kadhaa sasa mdomo wangu unazungumziwa na watu ambao hawajawahi kuchungulia ndani yake.

Mwezi uliopita alikuja mteja, binti mwenye mimba ya miezi minne, anataka gauni lililoachiwa nafasi ya tumbo. Nikiwa nampima kifua akaniambia kwa furaha kwamba anajiandaa kutolewa zebaki yote mdomoni, meno manane kwa siku moja, "kama wewe mama, maana nimesikia ulivyopona." Futikamba ilinidondoka.

Basi niseme nilichopona.

Miaka mitatu iliyopita nilianza kuhisi kitu kinanikwaruza ndani ya shavu la kushoto. Nina tabia mbaya ya kukata uzi kwa meno, na upande wangu ni huo huo, kwa hiyo nikaulaumu uzi. Nikabadilisha dawa ya mswaki, nikaacha pilipili, wapi. Nilipojimulika kwa tochi ya simu mbele ya kioo nikaona michirizi myeupe imesukana kama lesi, katikati pekundu, panachoma. Ilikuwa imekaa sawasawa na gego la chini ambalo nilizibwa nikiwa na miaka 19. Nikifunga mdomo, shavu linalalia ile dawa ya kijivu.

Daktari wa meno alikata kipande kidogo cha nyama kikapimwe, maana weupe wa mdomoni usiotoka haupuuzwi. Haikuwa saratani. Halafu nikabandikwa plasta mgongoni, kila moja ina chembe ya kitu chake, nikakaa nazo siku mbili bila kulowesha mgongo. Zilipobanduliwa, pale penye zebaki palikuwa pamevimba na panawasha. Ni mzio, au aleji kama tulivyozoea kusema. Shavu langu lilikuwa linakataa kitu linachogusana nacho, kama ngozi ya sikio la mtu mwingine inavyokataa hereni. Gego likazibuliwa, likazibwa upya kwa dawa yenye rangi ya jino, na baada ya miezi mitatu lesi ilikuwa imefutika.

Hicho ndicho nilichopona: shavu. Mabega bado yananiuma kama zamani, usingizi wangu ni ule ule wa mang'amung'amu, na nasahau nilipoweka mkasi leo kama nilivyosahau juzi.

Wifi yangu hakuhitaji zaidi ya hapo. Alijirekodi sauti ya dakika saba, akaisambaza kwa ndugu na jamaa, na kila ilipopita iliongezewa chumvi. Sasa nasikia nilikuwa nimepooza mkono.

Nina meno mengine matatu yenye amalgamu, ndiyo hiyo dawa ya kijivu, na kusema kweli siku ile nilimwomba daktari ayatoe yote, tumalize. Alikataa. Hayagusi shavu, hayana ufa, hayajaoza pembeni. Akanieleza kwamba karibu nusu ya uzito wa amalgamu ni zebaki, na iliyobaki ni fedha, bati na shaba, zikishachanganywa zinashikana zikawa kitu kigumu. Mvuke hutoka, hakuficha. Hutoka kidogo kidogo, na huongezeka mtu akitafuna, akisaga meno usingizini au akinywa kitu cha moto. Lakini unatoka kwa wingi siku mbili: siku jino linapozibwa na siku linapozibuliwa, kwa sababu mashine inapasha joto na kutimua vumbi. Kutoa ziba ambalo bado ni zima ili kuukimbia mvuke ni kuufuata mvuke wenyewe. Na juu ya hapo unachongwa jino lisilo na kosa.

Hilo gego moja lenyewe lilitolewa kwa adabu ambayo sikuitarajia. Jino lilivalishwa kitambaa cha mpira chenye tundu, likachomoza peke yake, koo likawa limefunikwa. Mrija mkubwa wa kufyonza ulikaa kando ya jino muda wote, maji yakimiminwa bila kukatika. Daktari hakulisaga ziba kuwa unga. Alilikata vipande akavibandua, vikaingia kwenye chombo chenye mfuniko. Dirisha lilikuwa wazi. Nawauliza wanaojisifu kutolewa meno manane kwa kikao kimoja: mlivalishwa mpira? Wawili niliowauliza hawakujua nasema nini.

Wifi naye ana swali ambalo si la kipuuzi, nami lilinisumbua siku kadhaa. Kama si sumu, mbona inapigwa marufuku? Ni kweli, Norway iliizuia mwaka 2008, Umoja wa Ulaya umeiacha tangu Januari 2025 isipokuwa kwa sababu maalumu za kitabibu, na nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana Geneva mwezi Novemba 2025 kuiondoa kabisa ifikapo 2034. Mkataba huo umepewa jina la mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini na watu wakaharibika mishipa ya fahamu kwa kula samaki, jambo lililotambuliwa rasmi mwaka 1956. Wifi alinitumia picha za watu hao. Asichosema ni kwamba ile ilikuwa zebaki ya aina nyingine, methili, inayojikusanya ndani ya samaki na kuingia mwilini kwa urahisi mno. Ya kwenye jino si hiyo. Ila ikimwagwa kwenye maji machafu ya kliniki, au ikipaa na moshi pale maiti zinapochomwa, huishia majini, na huko vijidudu huigeuza kuwa hiyo hiyo ya Minamata. Hapo ndipo marufuku ilipopata nguvu kubwa. Mimi naiunga mkono, na sitakubali kuzibwa kwa amalgamu tena. Kuacha kuweka mpya na kung'oa ya zamani ni mambo mawili.

Na watoto? Mwaka 2006 yalitoka matokeo ya tafiti mbili, moja ya Ureno na nyingine ya Marekani, zilizofuata watoto zaidi ya 1,000 kwa miaka kadhaa, wengine wamezibwa kwa amalgamu na wengine kwa dawa nyeupe. Wa amalgamu walikuwa na zebaki zaidi kwenye mkojo. Kwenye akili na kumbukumbu hawakutofautiana na wenzao.

Nisiwasahau wauza usafi. Baada ya sauti ya wifi alinipigia bwana mmoja anayesafisha zebaki mwilini. Unameza kwanza dawa ya kuivuta, ndipo unapimwa mkojo. Nikamwuliza: ukishaivuta, si lazima itaonekana nyingi? Kila mtu ana chembe za zebaki mwilini, na vipimo vya kawaida vya kulinganisha ni vya watu ambao hawakumezeshwa kitu. Akakata simu. Dawa hizo zipo kwa ajili ya waliopata sumu kweli, na kwa asiyezihitaji zinaweza kuvuruga madini ya mwili.

Nirudi kwa binti. Alikuwa na karatasi aliyoipata kwa rafiki, imeandikwa kwamba mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, mwaka 2020 ilishauri wajawazito wasizibwe kwa amalgamu. Ni kweli ilishauri hivyo, pia kwa wanaonyonyesha, watoto, wenye maradhi ya figo au ya mishipa ya fahamu, na wenye mzio kama wangu. Lakini ushauri uleule ulisema maziba ambayo bado ni mazima yasitolewe bila sababu ya kitabibu, kwa ajili ya ule mvuke. Karatasi yake ilikatiwa katikati. Mvuke wa zebaki hupita kondo la nyuma ukamfikia mtoto, na yeye alikuwa anataka kuutimua mara nane kwa siku moja, akiwa na mimba, kwa jina langu.

Nilimwomba amuulize kwanza mkunga wake, kisha daktari wa meno mwingine asiyelipwa kwa idadi ya meno anayozibua. Alinitazama kama mtu mchoyo wa dawa. Gauni lake limekwisha, linaning'inia nyuma ya mlango, na hajaja kulichukua. Kama anasoma gazeti hili, aje. Mshono wa tumboni nimeuachia nafasi ya kutosha.

Fundi cherehani, msomaji wenu