Usilinunue lile tope la Msimbazi

Mwajuma mwenzangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Sisi hatujambo. Mama Tatu amesharudi kutoka Tanga, goti linamsumbua lakini anaamrisha kama kawaida. Mengine tutaongea tukionana, maana ujumbe wako wa jana umeninyima usingizi.

Umesema umepata mtu wa kukuletea tripu za tope kutoka kule chini karibu na daraja la Salenda, pale mto Msimbazi wa Dar es Salaam unapoingia baharini, usawazishe uwanja na litakalobaki ulipandie mchicha. Nakuomba, ndugu yangu, usimpe hata shilingi.

Najua linavyovutia. Ni jeusi, laini, linateleza mkononi, mtu akiliona anadhani mbolea tupu. Lakini linanuka yai viza, na fikiria maji ya Msimbazi yanakopita: yanashuka kutoka Pugu, yanakwenda Vingunguti, Tabata, Jangwani, njia nzima yanazoa maji ya viwandani, oili za gereji, betri kuukuu. Humo mna madini mazito: risasi (ledi), kadimiamu, kromiamu, zinki, shaba. Madini hayaozi. Yanang'ang'ania chembe laini za udongo, na mto ukikutana na maji ya chumvi chembe hizo zinagandana na kuzama palepale kwenye mikoko. Petroli yenye risasi tuliachana nayo mwanzoni mwa 2006, ila risasi iliyokwisha kuingia topeni haikuondoka nayo.

Kinachonitisha zaidi ni kulifukua. Likiwa chini ya maji, bila hewa, ile salfa inayonuka ndiyo inayoyafunga madini. Ukilianika uwanjani hewa inaingia, kifungo kinalegea, na mvua ya kwanza inayapeleka kwenye mizizi. Mchicha unavuta kadimiamu vizuri sana, na kilichokwisha kuingia kwenye jani hukitoi kwa kuosha. Halafu lile vumbi, na mikono ya watoto! Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Inaharibu ubongo, Mwajuma.

Mzee Hamisi atakwambia watu wamelima bondeni miaka yote. Ni kweli, na hao nao nawaonea uchungu. Tena huu Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 200 mwaka 2022, una kazi ya kuchimba tope mtoni. Mimi nauunga mkono, mafuriko yametutesa mno. Ila kila tipa litakalotoka pale, tuambiwe linakwenda kumwaga wapi.

Kama bado una shaka, nichotee kiasi cha kikombe kwa kijiko cha plastiki, utie kwenye mfuko safi, uniletee maabara. Tutalikausha na kulichekecha tubaki na chembe zilizo chini ya maikromita 63, yaani milimita 0.063, maana hizo ndizo zinazobeba madini mengi. Ukipima pamoja na mchanga wote unapata namba ndogo ya kukufariji bure.

Huyo mtu ameshaleta chochote? Kama ameshamwaga, Zuhura na mdogo wake wanachezea hapo? Kisima kiko upande gani wa uwanja? Na baba yao anasemaje? Je, ni wewe tu, au na majirani wameagiza? Nipigie hata usiku.

Wako,
Neema