Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Mwaka huu klabu ilichagua mada iliyowashangaza hata baadhi ya walimu: kufuatilia ulikaji wa metali katika mabwawa ya kuhifadhia fueli ya nyuklia iliyokwisha kutumika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Tanzania haina kinu cha nyuklia. Lakini urani ipo hapa jirani, Bahi na Manyoni, na mazungumzo yake huishia kwenye kuchimba na kuuza. Sisi tukauliza: ikishatumika kama fueli ya vinu huko inakokwenda, inawekwa wapi?

Fueli ikitoka kinuni ina joto na mionzi mikali, hivyo huzamishwa majini. Ile ya vinu vingi vya utafiti imevikwa ganda la alumini. Ganda likitoboka, vitu vyenye mionzi huvujia majini. Kwa kuwa fueli yenyewe haishikiki, wataalamu hutundika bwawani vipande vya alumini ya aina ileile, huviopoa baada ya muda na kupima vishimo kwa hadubini. Kuanzia miaka ya 1990, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki liliratibu utafiti wa namna hiyo katika nchi kadhaa. Wabaya wakuu walioonekana ni kloridi, yaani ile iliyomo kwenye chumvi, alumini kugusana na chuma kisichoshika kutu, na vumbi: vipande vilivyolazwa vililika zaidi upande wa juu, vumbi linakotua.

La vumbi, Mheshimiwa, mtu wa Dodoma hahitaji kufundishwa.

Nasi tulitumbukiza vipande vya alumini, vingine kwenye maji ya kisima, ambayo hapa kwetu yana chumvi, vingine kwenye maji ya betri, yaani yale yaliyosafishwa yasiyo na chumvi, siyo asidi. Mionzi haikuwepo kabisa, wazazi msiwe na hofu. Vya kisimani vilitoka madoa meupe na vishimo. Vya maji ya betri vilibaki karibu kama tulivyoviweka.

Changamoto yetu ni vifaa. Maji yakiwa na chumvi nyingi hupitisha umeme zaidi; bwawa linalotunzwa vizuri, upitishaji umeme wa maji yake unaweza kushuka hadi chini ya mikrosimensi 1 kwa sentimita. Sisi chumvi ya kisima chetu tunaipima kwa ulimi.

Tunaomba utusaidie kupata kipimo cha upitishaji umeme na hadubini moja, pia utuombee mtaalamu kutoka Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania aje atukosoe. Kabati lenye kufuli la kuvihifadhia vifaa hivyo Mkuu wa Shule ameshatuahidi, na leo amesikia tukilitaja mbele yako.

Naomba kuwasilisha.