Mjomba, mwewe ninaowahesabu hawajawahi kula kuku wako

Mjomba, shikamoo.

Ulicheka sana siku ile kwenye simu. Nilikwambia Jumapili sipatikani, nakwenda mlimani kuhesabu mwewe, ukaniuliza wananilipa shilingi ngapi kwa kichwa. Niliposema silipwi, na mafuta ya gari naweka mwenyewe, ukawaita wa nyumbani waje wasikie ujinga wa Marekani. Halafu salio likakuishia. Basi nakujibu hapa hadharani, maana najua mjukuu atakusomea na wengine wote watakaa kusikiliza.

Kwanza, nimesema mwewe kwa mazoea tu. Kwetu Mombo, chini ya milima ya Usambara, chochote chenye mdomo wa kupinda ni mwewe, na kikionekana juu watoto wanapiga kelele na mama kuku anafunika vifaranga. Hawa wa huku wengi ni shakivale, vipanga, kozi na tai. Majira ya baridi yanapokaribia wanakimbilia kusini, wengine hadi Peru na Brazili.

Mlima wenyewe unaitwa Hawk Mountain, upo jimbo la Pennsylvania, kwenye safu ya milima ya Kittatinny. Usambara ingeuona kama kichuguu: jabali tunalokalia lipo mita 460 na kidogo kutoka usawa wa bahari. Ndege wanaufuata kwa ajili ya upepo. Unajua pale nyuma ya shamba lako, upepo wa bondeni unapogonga mlima na moshi wa kuchoma majani unapanda wima? Ndiyo hivyo hivyo. Upepo wa kaskazini-magharibi unagonga safu, unapanda, na ndege anaulalia bila kupiga bawa. Anaokoa nguvu, sisi tunapata kumwona akipita, mara nyingine chini ya miguu yetu.

Kuhesabu si kazi nyepesi, Mjomba. Vilele vya mbele yetu vimepewa namba, moja hadi tano. Mzee mmoja mstaafu anasema, "Juu ya namba tatu, kushoto kwa wingu," na mimi naangalia namba tatu mpaka machozi yananitoka sioni kitu. Anga ikiwa bluu tupu ndiyo mbaya zaidi, ndege anazama humo kama sindano kwenye majani. Tunaomba mawingu. Septemba shakivale wa mabawa mapana wanakuja kwa makundi, wanazunguka kwenye hewa ya moto kama takataka kwenye kisulisuli. Wenyeji wanaliita kundi hilo birika, kwa jinsi linavyochemka. Wakiwa wanazunguka hawahesabiki. Unasubiri wafike juu kabisa, waanze kuteleza mmoja mmoja kwa mstari, ndipo unabonyeza kile kidude cha mkononi, tik, tik, tik. Siku moja ya Septemba 1978 walipita zaidi ya 21,000.

Halafu kuna bundi. Ni wa plastiki, amesimamishwa juu ya mti mrefu kati ya mawe. Najua wewe ungegeuza njia ukarudi nyumbani. Vipanga wadogo nao hawampendi, wanashuka kumpiga. Oktoba mmoja alipita karibu na sikio langu, nikasikia manyoya yakikata hewa, akampiga bundi utosini, akaenda zake.

Zamani hapo hapo watu walikuwa wanakaa na bunduki. Ungewapenda wale, Mjomba. Mwaka 1929 serikali ya jimbo iliweka dola 5 kwa kila kipanga mkubwa atakayeuawa, na wawindaji hawakuchagua, walipiga chochote kilichopita. Picha za 1932 zinaonyesha mizoga imepangwa chini kama samaki sokoni. Mama mmoja wa New York, Rosalie Edge, alikodi mlima wenyewe mwaka 1934, akamweka kijana aitwaye Maurice Broun awe mlinzi, na mke wake Irma akawa analinda njia. Broun alipokuwa pale juu akizuia bunduki akaanza kuandika: leo wangapi, wa aina gani. Hakuna aliyemtuma kujibu swali lolote. Tangu hapo wameandika kila vuli, isipokuwa 1943 hadi 1945, Broun alipokwenda vitani.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo nilitaka kukwambia kabla salio halijakata. Kati ya 1935 na 1939, katika kila tai 100 wenye kichwa cheupe waliopita pale, 40 walikuwa vijana. Kati ya 1955 na 1959 vijana walikuwa 20. Mwaka 1957 alionekana kijana mmoja kwa kila wakubwa 32. Tai anaishi miaka mingi, kwa hiyo mtu anayetazama juu kwa macho tu angesema tai wapo, tatizo liko wapi? Wewe unajua liko wapi. Unafunga banda saa kumi na mbili ukihesabu, na tetea akianguliwa mayai kumi akabaki na vifaranga wawili huwezi kusema kuku wapo. Ilikuwa DDT, ile ile dawa ya mbu, iliyowafanya watage mayai ya ganda jembamba. Mwandishi Rachel Carson alizitumia hesabu hizo kwenye kitabu chake cha 1962, na mwaka 1972 Marekani ikaipiga marufuku. Broun alianza kuandika miaka mitano kabla mtu yeyote hajagundua kuwa DDT inaua wadudu. Tai wamerudi, Novemba nimewaona kwa macho yangu. Kozi wadogo wa huku Marekani ndio wanaopungua siku hizi.

Siku zangu nyingi hazina maelfu yoyote. Novemba iliyopita nilikaa jabalini saa nzima, vidole vimekufa ganzi, chai imepoa, hakupita hata mmoja. Nikaacha nafasi ile wazi kwenye karatasi. Yule mzee akanirudishia kalamu: andika sifuri. Ukiacha wazi, mtu wa baadaye atadhani hatukuwepo.

Nina ombi. Mvua za vuli zikishika, kumbikumbi wakianza kutoka, kuna kozi wadogo wanapita huko kwetu makundi makundi, dume wa kijivu mwenye miguu ya rangi ya chungwa. Wanatoka Siberia na kaskazini mwa China, wanavuka India na bahari, wanakwenda kusini mwa Afrika. Wanakula wadudu, vifaranga wako hawana habari nao. Jioni moja kaa nao kwa muda wa saa nzima, kwenye kile kiti chako cha barazani, uandike kwenye kurasa za nyuma za daftari la kuku: tarehe, saa, wangapi. Wasipotokea, unajua cha kuandika.

Darubini nimempa jirani anayekuja likizo mwanzoni mwa Desemba. Tafadhali isiazimwe kwenye harusi.