Kabla ya kuweka mapipa, muulizeni saisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni saisi, yaani mtunza farasi. Vijana wa siku hizi neno hilo hawalijui, kwa hiyo huniita "kijana wa farasi", nami nina miaka 58 na wajukuu wawili. Kazi hii nilijifunza Nairobi mwaka 1988, kwenye mabanda ya farasi wa mbio upande wa Ngong, na huu ni mwaka wa kumi na moja niko Kigamboni natunza farasi wa watu.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mbio za mapipa. Kwa asiyezijua: mapipa matatu husimamishwa kwa pembe tatu, farasi anaingia kwa shoti, yaani mbio za kasi, anazunguka la kwanza, la pili na la tatu, kisha anarudi mstarini kwa nguvu zake zote. Kwenye uwanja wa vipimo kamili farasi hodari humaliza kwa sekunde 17 hivi. Pipa likianguka, unaongezewa sekunde 5. Mchezo ni wa Marekani na wanawake ndio walioukuza. Chama chao kilianzia Texas mwaka 1948. Kwetu umeingia kwa njia ya simu. Binti wa bosi wangu aliona video, akaonyesha wenzake, na mwezi haukuisha nikatumwa kununua mapipa matatu ya lita 200. Nikayapaka rangi nyekundu na nyeupe kwa mkono wangu. Sikuupinga mchezo huo, na mpaka leo siupingi. Farasi mwenye moyo wa mbio anaufurahia, utamwona masikio yamesimama mbele tangu anapotandikwa.

Farasi wetu wa mapipa ni Karafuu, jike wa miaka 11, rangi yake kama karafuu iliyokauka vizuri. Zamani alikuwa wa mbio za moja kwa moja. Miguu mirefu, kifua chembamba. Wenzetu Marekani mchezo huu wanautumia zaidi farasi wao mfupi, mpana wa matako, aliyezalishwa kwa mbio za robo maili, mwenye kugeuka kama paka. Karafuu kugeuka amefundishwa ukubwani. Nasema hivi ili msomaji aelewe kwamba tangu mwanzo alikuwa anafanya kazi ambayo mwili wake haukuumbiwa, na alikuwa anaifanya kwa utiifu.

Mwaka huu Sikukuu ya Mapinduzi iliangukia Jumatatu. Watu wakaona hapo kuna siku tatu za raha. Jumamosi yakaandaliwa mashindano ya nyumbani, farasi watano kutoka mabanda ya jirani, pilau, muziki, watoto wengi. Karafuu alikimbia mara nne. Jioni nikamwambia bosi, "Huyu kesho asiguswe." Akanijibu kwa upole, maana si mtu mbaya: "Mzee, amekimbia sekunde ishirini ishirini mara nne. Hata dakika mbili hazijafika!"

Hesabu yake ilikuwa sahihi, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Saa ya mkononi inahesabu mbio. Haihesabu kwamba kabla ya hizo sekunde 80 Karafuu alisimama juani kwa muda wa karibu saa nne akiwa na tandiko mgongoni, mwezi wa Januari, kwenye joto la kaskazi ambalo hata sisi wa pwani tunalilalamikia. Haihesabu kwamba kila mzunguko mmoja una mageuko matatu, na katika kila geuko kilo 480 na mtu juu yake zinaegemea miguu ya upande mmoja, kwenye mchanga unaokimbia chini ya kwato. Mageuko kumi na mawili siku hiyo. Jumapili mengine kumi na mawili.

Ndiyo, Jumapili alikimbia tena mara nne. Raundi ya tatu alifika mlangoni akasimama. Akatikisa kichwa, mkia ukawa unapiga huku na huku, masikio nyuma. Watu wakacheka, wakasema amegoma kama mtoto siku ya kwanza ya shule. Akapigwa visigino, akaingia. Pipa la pili alilizunguka kwa mbali kama anayekwepa shimo, la tatu akaliangusha. Sekunde 5. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo, sikucheka. Farasi ambaye wiki iliyopita alikuwa anavuta hatamu kuingia, leo anagoma mlangoni, amekueleza jambo kwa lugha aliyonayo.

Baada ya raundi ya nne nilimtembeza dakika 15, nikaweka vidole chini ya taya pale mshipa wa damu unapopita, nikahesabu kwa saa ya simu. Farasi mzima aliyetulia moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Karafuu wangu ni 36, namjua. Baada ya robo saa ya kutembea nategemea uwe umeshuka chini ya 60. Siku hiyo ulikuwa 72. Mwilini povu jeupe. Jasho la farasi lina chumvi kuliko letu, na kwenye hewa nzito ya Dar es Salaam halikauki, linamtiririka tu bila kumpoza. Nilimwagia maji ndoo kwa ndoo, nikakwangua, nikamwagia tena, nikampa maji mengine yenye chumvi kidogo na mengine matupu ili achague mwenyewe.

Jumatatu alipelekwa ufukweni kubeba watoto, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi. Nikaambiwa, "Kutembea tu, si ndiyo mapumziko hayo?" Mchanga wa juu, ule mkavu wa kuzama, ndio alioutembea, kwa sababu maji yalikuwa yamejaa.

Jumanne alfajiri nilipitisha mgongo wa kiganja kwenye mguu wa mbele wa kushoto. Natumia mgongo wa kiganja kwa sababu ndani nimeota sugu, hapasikii joto. Mguu ulikuwa wa moto. Nyuma ya mfupa, kati ya goti na kifundo, palikuwa pametuna kama mtu aliyeficha ndizi mbivu chini ya ngozi. Sisi bandani tunasema mshipa. Daktari wa mifugo alipokuja alisema ni kano, ile inayounganisha msuli na mfupa, na imechanika nyuzi. Maji baridi, bandeji, kukaa bandani, kisha kutembezwa kwa mkono dakika 10, na kuongeza pole pole kadiri wiki zinavyokwenda. Mbio, labda mwakani. Misuli ya farasi hupata nguvu haraka kwa mazoezi, alisema, lakini kano na mifupa hufuata nyuma kwa mwendo wa kobe, na ikichanika haiponi kwa wiki mbili tatu.

Akanieleza na jambo jingine ambalo miaka yote nililiona kwa macho bila kujua sababu. Mwanariadha akila vizuri, nguvu iliyotumika kwenye misuli yake hurudi kama kwa siku moja. Ya farasi huchukua siku mbili hadi tatu, hata umpe pumba na molasi kiasi gani. Kwa hiyo Karafuu wa Jumapili alikuwa anakimbia kwa akiba, na wa Jumatatu sijui alikuwa anatembea kwa nini.

Sasa, nikisema farasi apumzike, watu wanadhani nataka afungwe bandani na kufuli. Siku ya kufungwa bandani kwa farasi mzima ni adhabu. Miguu inajaa maji, tumbo linamsumbua, anaanza kutafuna mlango. Tumbo la farasi linatoa tindikali usiku na mchana, ale asile, kwa hiyo kumwacha saa nyingi bila majani ni kumchoma kwa ndani. Pumziko la farasi wa mapipa ni kutembea bila haraka, kujigaragaza mchangani, kula majani kutwa, kumwona farasi mwenzake. Kulala pia, maana hata kama anasinzia kwa miguu minne, usingizi wa kweli anaupata akijilaza, na hajilazi mahali penye muziki mpaka saa nane za usiku. Na mapipa yenyewe ayaone bila kukimbia: nampitisha katikati kwa hatua, tunayazunguka kwa telki, ule mwendo wa mbio ndogo, tunasimama, tunaondoka. Farasi anaujua mchezo tayari. Kila ukimkimbiza shoti nyumbani kwa ajili ya mazoezi, unapunguza siku zake za mashindano.

Bosi ananiambia: mbona Marekani fainali zao za Desemba pale Las Vegas ni siku kumi mfululizo? Ni kweli. Lakini kule mpanda farasi anaingia mara moja tu kwa usiku, wapo wanaokuja na farasi wa akiba, na wengi wana daktari, barafu na watu wa kuwakanda farasi wao. Karafuu ana mimi na ndoo mbili. Binti naye ananitajia Charmayne James na farasi wake Scamper, walioshinda ubingwa wa dunia mara kumi mfululizo, 1984 hadi 1993. Namwambia vizuri, mwanangu, umetaja mfano mzuri, maana Scamper alikufa mwaka 2012 akiwa na miaka 35. Miaka kumi kileleni, kisha ishirini kasoro ya uzee. Huwezi kufika huko na farasi uliyempangia ratiba ya daladala.

Nasikia wapo wanaopanga mapipa mengine sikukuu ya Pasaka, masika yakiwa yameanza na uwanja umekuwa tope juu, mgumu chini. Wafanye asubuhi kabla ya saa tatu au jioni baada ya saa kumi, raundi mbili zinatosha, na siku tatu baada ya hapo farasi asione tandiko la shoti. Hayo wanaweza kunibishia. Ambalo sitaki wanibishie ni hili: kabla jina la farasi halijaandikwa, saisi wake aulizwe, na akisema hapana lifutwe, bila kumwita mvivu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu mwaka 2008, lakini anayeushika mguu wa farasi alfajiri ni saisi. Tatizo ni kwamba wengi wetu ni vibarua. Ukimkatalia bosi mbele ya wageni wake, mwisho wa mwezi unaweza kuukuta uko nje ya geti. Mimi mwenyewe ile Jumapili nilisema mara moja, nikajibiwa, nikanyamaza, nikaenda kujaza ndoo. Wahenga walisema afe punda, mzigo wa bwana ufike, na siku ile niliitii methali hiyo ingawa siipendi. Hilo ni kosa langu na nalibeba.

Karafuu sasa anatembea dakika 20 kila asubuhi, maji yakipwa, kwenye ule mchanga mgumu wenye unyevu. Uvimbe umeshuka, joto halipo, ingawa ukiminya kwa vidole bado anainua mguu. Juzi bosi amenipigia simu kuuliza kama Jumamosi Karafuu anaweza kutolewa apigwe picha na wageni, bila kupandwa. Nimemwambia anaweza, mwisho saa mbili asubuhi, na kamba nitaishika mimi.

Saisi,
Kigamboni, Dar es Salaam