Kaka yako kaitwa mbuzi

Mikindani, Jumanne

Shoga yangu,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, hofu kwenu. Ya korosho nitakuandikia siku nyingine, leo nina moja tu: mwanao kamwita mjomba wake mbuzi.

Usicheke! Kaka yako kaweka picha kwenye lile grupu letu la posa, kabeba zawadi ya mashindano ya ngalawa, sote tunampongeza. Mara kijana katuma kichwa cha mbuzi na neno moja, goat. Kabla sijapiga hodi kwake, watoto walikuwa wameshamtafsiria.

Nimemweleza mpaka koo likakauka. Kwamba ni herufi za mwanzo za maneno manne ya Kiingereza, maana yake aliye bora kuliko wote wa zama zote. Kwamba mke wa Muhammad Ali alisajili kampuni kwa herufi hizo mwaka 1992, na vijana wa leo wanabishana mbuzi ni Messi au Ronaldo. Wapi! Nilikuwa nampigia mbuzi gitaa (astaghafirullah, ulimi huu). Akaagiza kamusi. Hapo nikajua tumekwisha, maana Waingereza wakimwita mzee mbuzi, wana maana ni mkware. Na ya Msanga Mkuu unayajua. Wifi yako alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, akacheka mpaka tui likachelewa.

Ukiniuliza mimi, neno lenyewe kigeugeu. Marekani zamani aliyeiponza timu ikafungwa ndiye aliyeitwa hivyo; leo anaitwa aliyeipa kombe. Na tangu Tyndale alipotafsiri Torati mwaka 1530, Waingereza wana neno la yule mbuzi wa kubebeshwa dhambi za watu. Hayo sikumwambia. Angenirushia na beberu, tukakesha.

Shida ni posa. Anasema haendi, kijana aende na mbuzi wake. Sasa mjomba asipokuwepo, nani atasema mbele ya wazee wa kule? Wale unavyowajua, watasema tumewapelekea watoto.

Mpigie wewe, usimwandikie. Kijana naye aanze na shikamoo, asijieleze sana. Hivi bado anafuga zile nywele? Mahari mmeshaambiwa, au mnasubiri mtajiwe ukumbini? Mama yule wa Lindi atakuja, na nani kamwalika? Mnafika Alhamisi au Ijumaa? Nijibu mapema, kaka yako asije akaenda dago.

Shoga yako