Kuchepuka kusisingiziwe maumbile

Mhariri,

Kwenye vijiwe vya kahawa vya hapa Tanga kuna hoja mpya ya kutetea michepuko: mwanamume kaumbwa hivyo, sayansi imesema, basi asilaumiwe. Wasemaji huegemea, wajue wasijue, majaribio ya mwanasayansi Angus Bateman ya mwaka 1948, yaliyofanyika Uingereza kwa nzi wa matunda, yaliyodai kuwa dume huzidi kupata watoto kadiri anavyopata majike wengi. Nzi! Tena mwaka 2012 watafiti wa Marekani waliyarudia wakakuta kasoro: watoto wengi wa nzi hao walikufa kabla ya kuhesabiwa, kwa hiyo hesabu ya nani kazaa na nani haikuaminika.

Kama ni lazima tujifunze ndoa kwa viumbe, mbona twende mbali? Kule Amani, milimani Usambara, kuna ndege aitwaye hondohondo. Jike hujifungia kwenye tundu la mti, mlango ukazibwa ukabaki upenyo tu, na dume akawa anamletea matunda wiki nenda wiki rudi. Lakini simshauri mtu amjengee mkewe ukuta. Elimu ya mageuzi, ile ya Darwin ya jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi, inaweza kueleza tamaa ilitoka wapi. Haisemi ahadi ivunjwe. Hasira nayo ni ya maumbile, na aliyempiga jirani yake haachiwi kwa sababu hiyo.

Anayetaka wake wengi, na dini yake inamruhusu, aoe waziwazi, kila mke apate haki yake. Hilo ni jambo jingine kabisa na kujificha gesti halafu kumsingizia Darwin.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga